Mara Mbili Kibabu

Natangaza kwa heshima na taadhima, mbele ya kila mwenye masikio mawili, kwamba likizo hii mimi, kiranja mstaafu wa bweni, nilivumbua kipimo cha kisayansi cha kuwapima wapenzi wa muziki. Kiranja mstaafu maana yake nilivuliwa cheo. Na kipimo chenyewe kilikuwa uongo mtupu.

Mjomba wangu ni fundi wa piano. Hapigi, hukaza nyuzi mpaka kila sauti ikae mahali pake, na kifaa chake kikuu ni masikio. Kila Jumamosi alasiri huja rafiki yake wa tangu ujana, mwenye duka la miwani, ambaye nyumba nzima humwita Mzee Miwani. Wakishakunywa chai huanza kugombana juu ya santuri mbili. Sonata, yaani muziki wenyewe wa piano, ni ileile, wapigaji tofauti. Mjomba ni wa Bi Chuma, ambaye vidole vyake, anasema, havimbembelezi mtu. Mzee Miwani ni wa Kibabu, anayepiga kama mtu anayekumbuka. Majina hayo wamewapa wao. Kwenye majalada wapigaji wameandikwa kwa adabu zaidi.

Husikiliza sehemu ya polepole tu, kwa sababu hapo, wanadai, mpigaji hana pa kujificha. Wote wawili hujifunika taulo usoni. Mwamuzi, yaani mimi, hupiga santuri moja, halafu nyingine, nao hutaja ipi ni ya nani.

Mimi sijawahi kusikia tofauti yoyote. Nikaamini nao hawaisikii, wanatiana moyo tu. Kwa hiyo Jumamosi hiyo nilipiga Kibabu. Ilipokwisha nikainua sindano, nikachakurachakura majalada kwa kelele, nikatangaza, "Ya pili!" na kupiga Kibabu tena.

"Umesikia?" Mzee Miwani alisema chini ya taulo. "Ya kwanza ni huyo Chuma wako, anatembea na viatu ndani ya nyumba. Hii sasa ndiyo ya Kibabu. Sikiliza mkono wa kushoto, bwana! Unanong'ona!"

Nilijiuma shavu nisicheke.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Mbona mimi nasikia ni ileile?"

"Ileile! Masikio umeyasahau kazini?"

"Mwamuzi," mjomba akaita, "umebadilisha kweli?"

Hapo ningecheka, tungecheka wote, ikaisha. Badala yake nikajibu kwa sauti ya mahakamani: "Nimebadilisha, mjomba."

Akaondoa taulo. Sijapata kumwona mtu mzima na uso ule.

"Juzi mpigaji wa pale ukumbini alilalamika nyuzi za juu hazijakaa sawa," alisema. "Nikadhani maringo. Kumbe ni mimi."

"Acha hizo, ndugu yangu," Mzee Miwani alisema.

Lakini mjomba alikuwa ameshashika simu, anampigia meneja wa ukumbi. "Ile piano ya onyesho, tafuteni fundi mwingine. Hapana, siumwi. Masikio tu."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini nikisema, Mzee Miwani na mkono wake wa kushoto unaonong'ona ataaibika mbele yangu. Nikinyamaza, mjomba anaacha kazi yake. Nikasimama pale nikimsikia akisema, "Ahsante. Ndiyo, ahsante kwa kazi ya miaka yote."

Akakata simu.

"Tupige tena hiyo ya pili," Mzee Miwani alisema kwa huruma. "Polepole utaipata." Akaenda mwenyewe kwenye gramafoni, akainama, akasoma lebo. Akachukua jalada la Bi Chuma, akalipapasa. Santuri ilikuwa ndani. Akalirudisha mahali pake, akiwa bado amenipa mgongo.

"Njoo, mwamuzi," alisema taratibu. "Msomee mjomba wako. Hii ya pili ni ya nani? Na ya kwanza?"

Angeweza kunyamaza akabaki na heshima yake. Nikasoma. Sauti ya mahakamani ilikuwa imenikimbia.

"Ni Kibabu, mjomba. Mara zote mbili. Ulisikia sawasawa. Nilidhani mnajifanya tu, maana mimi sisikii kitu."

Hakuna aliyenigombeza. Bora wangenigombeza. Mjomba alininyooshea simu tu. "Mpigie wewe."

Ikaita, ikapokewa.

"Shikamoo, meneja. Mimi ni mpwa wa fundi wa piano. Mjomba wangu masikio yake ni mazima."

"Kijana, nimeshampata mwingine. Yuko njiani."

"Naelewa," nikasema, macho yao wote wawili yakiwa juu yangu, "lakini naomba unisikilize. Nilidanganya. Ni mimi."