Ufito Mweusi wa Ojwang

Asubuhi hiyo Ojwang alilaza fito zake mbili za kuvulia sakafuni, kutoka ukutani hadi karibu na mlango, akawa anazikagua kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Mmoja ulikuwa mrefu, unang'aa, umetoka duka jipya la mjini. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya Mwanza yalikuwa yameanza kuuza hata vitu ambavyo wauzaji wenyewe hawakujua kazi yake. Wa pili ulikuwa mweusi, mfupi, mgumu, kishikio kimechakaa. Aliachiwa na fundi mmoja mgeni wa kiwanda cha minofu alipokuwa anarudi kwao.

Mtu asiyejua angebeba ule mrefu. Janet, mkewe Ojwang, alijua, maana hotuba ya fito alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko mahubiri ya kanisani. Chambo cha Ojwang kilikuwa donge la risasi lenye ndoana, limevikwa manyoya ya kuku. Unaliacha lizame mpaka chini kwenye majabali, halafu unalirusharusha kidogokidogo, na sangara anadhani ni furu, kisamaki cha ziwani, aliyechanganyikiwa. Ufito laini hauwezi kuinua risasi ile sawasawa. Tena samaki akidaka, unapinda tu na kupinda, mpaka mwenzako kashaingia pangoni na kukata mshipi. Ufito mgumu unamzuia palepale.

Na siku hiyo ilibidi azuiwe. Mzee Bilali, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa amejenga nyumba ya wageni ufukweni na kununua boti ya mashine, akatafuta mtu wa kuwavusha wageni wake na kuwafundisha kuvua kwa ufito. Alimwambia Ojwang wazi: njoo leo, nitolee sangara mmoja kwenye majabali wageni wakiona, boti ni yako kuiendesha. Ukishindwa, kuna mwingine anatoka Misungwi. Kwa Ojwang kushindwa maana yake ni kurudi visiwani, kwenye mitumbwi ya watu, miezi na miezi. Perez, mtoto wao, alizaliwa baba yake akiwa huko, akaja kumwona ameshaota meno. Janet alikuwa ameapa kwamba hatazaa tena peke yake.

Sasa sikia balaa. Uji ulikuwa jikoni, nje ya mlango, na ukaanza kufurika. Janet aliruka kuuwahi. Mguu ulipotua upande wa pili ndipo alipojua alichokiruka: ufito mweusi.

Kwao Mara hilo si jambo la kucheka. Mwanamke akiruka chombo cha kuvulia, chombo kimefungwa. Dawa yake ni moja: aliyeruka aseme kwa kinywa chake, kisha akiruke tena kurudi alikotoka. Ila aseme mwenyewe. Akiulizwa kwanza, dawa imekufa. Janet aliipua uji. Ojwang alikuwa amempa mgongo, anafunga ndoana. Hajaona, Janet akajisemea. Nikimwambia sasa nitamvuruga kichwa, na leo anahitaji kichwa chake chote. Ni imani za wazee tu. Akanyamaza. Akachukua ndoo, akaenda bombani, na huko bombani imani za wazee zikamwandama mpaka akakata shauri kurudi na kusema.

Alipofika nyumbani Ojwang alikuwa ameondoka. Ufito mrefu haukuwepo. Ule mweusi ulikuwa umesimamishwa pembeni ya kabati, umefutwa vizuri.

Janet alitua ndoo, maji yakamwagikia miguu. Kumbe aliona! Aliona, akakaa kimya, akafunga ndoana ile taratibu akimngoja mkewe afungue mdomo, na mkewe akachukua ndoo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akampeleka Perez kwa jirani, akaukamata ufito, akatoka mbio.

Watu walimshangaa njia nzima, mwanamke na ufito begani, kanga inamvuka. Hakumwamkia mtu. Alipofika ufukweni akasikia kelele, akaanza kupanda majabali kwa mikono na magoti, ufito ameubana kwapani.

Ojwang alikuwa amesimama ukingoni, ufito mrefu umejikunja kama upinde. Samaki alikuwa amedaka kweli. Wageni walishangilia, masikini, wakidhani kujikunja ndiko kuvua. Janet alitazama uso wa mumewe, akaona anajua kinachokuja. Ufito ukapinda, ukazidi kupinda, halafu ukanyooka ghafla. Mshipi ukarudi mtupu.

"Ndiyo hivyo, bwana," alisema Mzee Bilali, akijikung'uta kanzu. "Nimeona."

"Shikamoo, mzee," Janet aliita kutoka nyuma, pumzi zimemwishia.

"Marahaba. Mama, huku si mahali pako."

"Najua. Naomba mara moja tu."

Aliulaza ufito mweusi juu ya jabali, mbele ya wanaume wote wale. Akasema kwa sauti, bila kumtazama Ojwang, "Nimeuruka asubuhi, nikanyamaza." Kisha akauruka kurudi. Mtu mmoja alicheka. Mzee Bilali hakucheka. Alimtazama mama yule, akamtazama Ojwang.

"Mtupo mmoja," alisema. "Halafu basi."

Ojwang aliuokota. Alifunga risasi nyingine, akatupa. Risasi ilizama mpaka ikagonga chini. Akairusha, ikagonga tena. Hakuna kitu. Akairusha. Janet alikuwa ameng'ata pindo la kanga. Ghafla Ojwang alivuta kwa mwili mzima, na safari hii ufito ulikataa. Samaki alikwenda pangoni, ufito ukamrudisha. Akaenda tena, akarudishwa, mpaka tumbo lake jeupe likaonekana majini na watu wakashuka kumdaka. Ilichukua wanaume wawili kumpandisha.

"Kesho asubuhi, kwenye boti," Mzee Bilali alisema.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, Janet alishindwa kuvumilia.

"Baba Perez, ulijua ule ufito mrefu hauwezi."

"Nilijua."

"Uliogopa mkosi kiasi hicho?"

Ojwang aliziweka sawa fito begani. "Mkosi siuogopi. Ila ningekwenda na ule mweusi nikakosa samaki, ungejiambia wewe ndiye uliyenipeleka visiwani. Ungekaa na neno hilo peke yako miezi yote nikiwa huko. Nikikosa kwa ufito mbovu, kosa ni langu."

Janet alisimama katikati ya njia. Alimpenda mtu huyu na akatamani kumpiga kofi, vyote kwa pamoja, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Usinifanyie hivyo tena," alisema. "Kosa langu nipe nilibebe. Ila wewe ubaki nyumbani."