Kifuniko cha Chungu cha Risasi

Salongo, usafi wa lazima, ilifanyika Jumamosi. Mtaa mzima uliitwa kufyeka na kufagia, hadi uani mwa bohari yetu kando ya mto. Mimi nilikuwa safarini Basoko. Jumatatu alasiri nilirudi nikakuta chungu cha madini ya risasi kimetolewa nje, na mdogo wangu Wivine amekikalia, anatwanga pondu, majani ya muhogo, ya wafanyakazi. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Simama! Toka hapo!"

Alidhani ni nyoka. Alikimbia na mchi mkononi.

Ndani ya chungu kile mlikaa kidonge cha mionzi. Katika kutafuta mafuta, tunakishusha kisimani kitupimie mwamba. Risasi ndiyo inayoizuia mionzi isituunguze. Niliwasha kipimo, kikalia mfululizo hata kabla sijafika. Niliinua ubao aliokalia. Chini yake hapakuwa na kifuniko.

"Tonton Télesphore," nilimwita mlinzi, "kifuniko iko wapi?"

"Ile plomb, ile ya risasi? Batu ya salongo walisema tutoshe inje byote byenye viko bure. Alors nikaituma kwetu Barumbu, bandugu yangu bafunge ku nyavu zizame."

Nilitamani kumkaba. Lakini nani aliwahi kumweleza? Sisi mafundi tulimwambia asiguse, basi, tukajiona wakubwa.

Nilikishika kidonge kwa koleo refu, nikakihamishia kwenye chungu cha akiba, nikafunga.

Mhandisi Lambert alitoka ofisini. "Bon, imeisha. Kesho ile kidonge tunaipeleka kisimani."

"Hapana. Tupeleke kifaa cha sauti." Hicho hupima mwamba kwa mlio tu, hakina kidonge.

"Citoyen Amuri, ni wewe uliandika mu rapport kama ile ya sauti iko muchezo ya batoto."

Ni kweli niliandika. Kidonge kilinipa hesabu safi, na kukishika kulinipa jina.

"Niliandika upuuzi. Sauti ikikosea, tutachimba kisima kingine."

Lambert alinitazama sana, kisha akaagiza sanduku la kifaa cha sauti lifunguliwe.

Wivine alikuwa ameegemea ukuta. "Yaya, kaka yangu, nilikalia nini?"

Nilimweleza yote, bila kupunguza. "Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi."

Nilimwambia twende hospitali sasa hivi. Hakusogea. Aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni, na mtoto akapiga teke.

"Iko nacheza," alisema. "Donc iko muzima, ao?"

Kipimo kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikizima, maana hakikuweza kupima hilo, nikamshika mkono kumwongoza hospitali.