Chumba cha Bwana

Mirelva alikuwa jikoni kwake Otrobanda, kisiwani Kurasao, simu ameibana begani. Mdogo wake, Zulaika, alipiga kutoka Rotterdam kupangua tena likizo ya familia. Nyumba ya ufukweni ambayo Mirelva aliihangaikia wiki nzima, sasa hakuitaka.

"Dada, nimepata pazuri zaidi. Lile jumba la shamba la watumwa, siku hizi ni hoteli."

"Una wazimu wewe? Nyanya yake mama alizaliwa mtumwa palepale! Leo uwalipe wakulaze?"

"Mambo ya kale hayo, dada. Na bwawa lao la kuogelea zuri."

"Ulaya imekutia kasumba!"

Mama yao, aliyekuwa akichambua maharage mezani, akanyoosha mkono. Mirelva akampa simu upesi, akijua sasa Zulaika atakiona cha mtema kuni.

"Mwanangu, kile chumba cha bwana, cha ghorofani, kipo?"

"Kipo, mama."

"Basi nichukulie hicho. Nyanya alikipiga deki mpaka mgongo ukapinda, kitandani hakuwahi kukaa. Mimi nitalala hapo, na chai waniletee hukohuko juu."

Mirelva alipandwa na hasira, asijue amgombeze nani.

"Nendeni basi," akasema. "Mimi sikanyagi pale. Nitalala hapahapa kwangu."

"Nuna tu," mama akamjibu, "usingizi wangu hutauharibu." Kisha akaendelea kumuuliza Zulaika habari za godoro.