Rangi ya Mzizi

Suruali za mumewe alizifua mwenyewe, wala hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Haikuwa kwa kinyaa, maana mwanamke aliyelea watoto wanne na wajukuu juu yake hana kinyaa kilichobaki. Alizifua mwenyewe kwa sababu zilikuwa na siri ya mtu mzima, na siri ya mtu mzima haitoki nje ya beseni.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Mzee Rangi. Alikuwa ametia nguo rangi kiwandani tangu ujana mpaka alipoambiwa akapumzike. Alipoanza kukojoa damu, na hospitali wakaona saratani kwenye kibofu cha mkojo, daktari alimuuliza kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Alipojibu, daktari alitikisa kichwa polepole na kuandika. Njiani wakati wa kurudi mzee alimwambia mkewe kwamba rangi ni kama mke mkubwa, huwezi kuishi nayo ujana wote halafu uzeeni ukajifanya hamjuani. Mkewe alicheka, si kwa kuwa lilichekesha, ila kwa kuwa alimwona anajitahidi.

Walimkata vivimbe kwa kupitia njia ya mkojo, bila kumpasua tumbo. Lakini saratani ile ni mgeni asiyejua kuaga. Hukatwa, ikakaa, ikarudi. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa ilimpasa arudi, waingize kamera nyembamba mle mle, wachungulie. Mara ya kwanza alikwenda akitania wauguzi. Mara ya pili walikuta kivimbe kingine, akarudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko wake, na utani ukamwishia njiani. Safari zilizofuata mkewe ndiye aliyemtafutia viatu, akamvika, akamfunga kamba. Kifo hakikumtisha sana. Kilichomchosha ni ule mpira, ule moto wakati wa kukojoa, na lile benchi la wazee wanaokwepana macho.

Naye mkewe alichoka, ila hakuna aliyemuuliza. Au tuseme ukweli, yupo mmoja. Mlinzi wa lango la hospitali, kila alipowaona, alitoka na kiti chake mwenyewe akakiweka kivulini, akamwambia, "Kaa, mama. Yeye ana mgongo wa kuegemea, wewe huna." Alilikumbuka neno lile hata akiwa jikoni.

Binti yao wa mwisho alifanya kazi kwenye maabara ya chuo. Jumapili moja, mezani, baba mdogo wake alimuuliza huko wanapika nini. Akaeleza kwamba wanaotesha seli za saratani ya kibofu kwenye visahani vidogo, kisha wanazidondoshea dawa walizozitoa kwenye mimea, waone ipi inaziua. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa mzizi mwekundu. Mzee Rangi akaweka kijiko chini. Mzizi ule aliujua. Zamani, kabla ya unga wa rangi wa madukani, mafundi waliomfundisha kazi waliuchemsha kupata rangi.

"Na zinakufa?" aliuliza.

"Zinakufa, baba."

"Basi niletee kidogo."

Binti alimtazama mama yake kabla ya kujibu. "Kwenye kisahani, baba, hata sabuni ya kufulia inaziua. Tena vizuri. Utakunywa sabuni?"

Akaeleza taratibu, kama anayemlisha mtoto. Dawa ikinywewa hupita tumboni, ini likaichakata, damu ikaitawanya, na kinachofika kwenye kibofu huenda kisizidi tone. Pengine kikadhuru figo kabla ya kufika. Zipo dawa za hospitali zilizotoka kwenye mimea, alisema, moja ilitoka kwenye ua ambalo watu hupanda mbele ya nyumba bila kujua, lakini watu walizeeka kazini mpaka ikawa dawa. "Mzizi wetu bado uko nje ya uzio. Hata hodi haujabisha."

"Kwa hiyo," alisema baba mdogo, "wanakulipa mshahara kutibu visahani."

Walicheka wote, naye binti akacheka. Mama yake peke yake ndiye aliyeona kwamba sahani ya binti haikuisha.

Wiki haikupita, baba mdogo akaja na mfuko wa ule mzizi uliosagwa unga, kaununua sokoni. Mfa maji haachi kutapatapa. Mama akauchemsha, kwa sababu ukiona mtu wako ameshika tumaini kwa mikono miwili huna nguvu ya kumnyang'anya. Binti alipokuja aliijua harufu tangu mlangoni. Hakugomba. Alimsihi baba yake amweleze daktari anachokunywa, na asikose kamera hata mara moja. Kisha akachukua wembe, akakaa sakafuni, akamkata kucha za miguu ambazo mzee hakuweza tena kuinama kuzifikia.

Mkojo ukawa mwekundu. Siku ya kwanza mama aliona doa kwenye suruali, akamkimbilia mzee nayo. Mzee akamwambia atulie, alete beseni na sabuni. Akalisugua doa mwenyewe, na mbele ya macho ya mkewe wekundu ukageuka zambarau.

"Unaona? Rangi ya mzizi ikikutana na sabuni hubadili nguo. Damu haijui mchezo huo."

Tangu siku hiyo, kila mama aliposugua doa na zambarau ikatokea, moyo wake ulirudi mahali pake. Hata akaanza kuipenda rangi ile. Baadaye mzee akasema atakuwa anajichanganyia mwenyewe, asimsumbue. Mkewe akaliona hilo kuwa wema, na madoa yalipopungua hakujiuliza.

Sasa ilikuwa mkesha wa siku ya kamera, na asubuhi, wakinywa uji, mzee alikuwa ametangaza kwamba hatakwenda. Mkojo ni mwekundu kwa mzizi, alisema, daktari ataona wekundu atashtuka bure, atakata pasipo kitu. Aliyasema bila kumtazama. Mke alikusanya vyombo, akaingia uani kufua.

Doa lilikuwa limerudi. Alilisugua kwa sabuni akasubiri zambarau. Haikuja. Akaongeza sabuni, akasugua tena. Maji yakawa ya kahawia, kama chai iliyosahauliwa. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono ndani ya beseni, mpaka povu likamfia vidoleni.

Kisha akainuka, akalibeba beseni mpaka barazani alipoketi mzee, akaliweka miguuni pake. Mzee alilitazama. Mtu aliyekula kwa kuzijua rangi haulizi rangi ni ipi.

"Umeacha lini?" aliuliza mke.

"Kitambo. Mzizi ulinichafua tumbo. Unga nilikuwa namwaga nyuma ya bafu."

"Na doa?"

"Liliporudi juzi, nilijua siku ile ile. Nimeishi na nyekundu, nitakosaje kuijua?"

Mke alijua kwamba hapo ndipo watu hutoa methali ya mficha maradhi. Alikuwa ameambiwa ile methali na majirani, na shemeji yake, na muuguzi mmoja mdogo mwenye haraka, na kila mara ilimwacha amechoka zaidi. Akaimeza.

"Mbona hukuniambia, baba watoto?"

"Kwa sababu ungenipeleka." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimechoka, mama. Si uongo, si kudeka. Nimechoka kule ndani kabisa."

Mke alikaa karibu naye. Mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji, akaiacha ichuruzike. Alitaka kumwambia ajikaze, lakini neno lile lilikuwa limekwisha utamu kwa wote wawili. Akamwambia lililokuwepo.

"Mimi pia nimechoka. Nimechoka kuamka, nimechoka lile benchi, nimechoka kufua hii rangi na kuisoma kama barua. Sikuambii usichoke. Twende hivyo hivyo tumechoka."

Mwishowe mzee akausukuma mguu mmoja mbele, ule wenye kidole kinachouma, na akasema viatu vile vyeusi vinabana, kesho amtafutie ndara.

Kesho yake mlinzi alitoka na kiti chake. Binti aliomba ruhusa kazini akaja, akaketi katikati yao kwenye benchi kama alipokuwa mdogo. Mama alikuwa amemweleza yote kwa simu, na binti hakumlaumu mtu. Alimshika baba yake mkono tu, akausugua ukucha wa dole gumba kana kwamba bado una rangi ya kiwandani.

"Wewe," mzee alimwambia, "wakinikata leo, wanachokitoa hutupwa?"

"Kipande hupelekwa kupimwa. Kinachobaki, ukikubali, na daktari akikubali, maabara yetu inaweza kuomba."

"Basi waombe. Mimi ule mzizi umenishinda. Vipeni vivimbe vyenyewe viunywe."

Binti alicheka, halafu akageuza uso upande wa ukuta akakaa hivyo kidogo. Mama alimpa kitambaa bila kumtazama.

Muuguzi aliita. Mzee alisimama, akamkabidhi mkewe kofia, akaingia na ndara zake zikiburuta sakafuni. Hakugeuka nyuma, na mkewe hakutaka ageuke. Aliikunja ile kofia mapajani. Akakumbuka kwamba kule nyumbani suruali bado zimo kwenye maji, na kwamba alipotoka alfajiri alimwona jirani akilichungulia beseni pale barazani, naye hakumkataza. Bila shaka watakaporudi watakuta jirani amezifua na kuzianika, wala hatasema neno.