Tende ya Ami Abdulghani

Anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu. Najua mmefundishwa kinyume chake. Hata mimi nilifundishwa hivyo, tena kwa kiboko. Lakini la mkuu nililisikia, nikalitii, nikatoka nje ya gereji yangu mwenyewe kama nilivyoambiwa, na kilichovunjika ni mashine niliyoihangaikia tangu Idi ya mfungo mpaka karibu na Idi ya kuchinja.

Gereji iko nyuma ya nyumba yetu hapa Kibuli, kwenye mteremko chini ya msikiti. Marehemu baba alikuwa akiegesha humo Mark Two yake. Alipofariki, ami yangu Abdulghani, mdogo wake na mwalimu wa madrasa, alitaka kuigeuza gereji stoo ya majora ya vitambaa vya duka lake. Mama akamwomba aniachie kwanza. Nina diploma ya ufundi wa magari, na sikusoma ili nije kulinda majora.

Supachaja niliipata kwenye maduka ya vipuri Nakivubo, imetolewa kwenye gari la Kijerumani lililogongwa ubavuni. Ni pampu ya hewa tu, mtu asikutishe. Mkanda wa injini unaizungusha. Ndani yake rota mbili zinapishana kwa nafasi nyembamba kama unywele, zinakamata hewa na kuisukuma kwa nguvu kwenye silinda, na gari lililokuwa likipanda kilima likihema sasa linapanda likiimba. Kuinunua si kazi. Kazi ni kuifunga mahali ambapo haikuzaliwa, na mimi niliifunga kwenye ile Mark Two ya baba. Nilikata bamba la chuma la kuishikilia, nikalipinda, nikakosea, nikakata jingine. Puli yake haikulingana na za injini, na puli zisipolingana mkanda huruka. Nililala chini ya gari lile mpaka mgongo wangu ukaujua kila ufa wa sakafu. Wazee wa baraza ya ami walikuwa wakipita na kuniita fundi wa simu, kwa sababu waliniona nikitazama video huku nimeshika spana. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumridhisha.

Mtu huyo ni Amony, binti wa mwanajeshi, aliyekulia kambini na sasa anakaa Nakawa. Huendesha gari la mashindano, na fundi wake alikuwa amehamia Nairobi. Aliniambia, kwa kile Kiswahili chake cha kambini, kwamba maneno ya mafundi yamemchosha. Atakuja Jumamosi baada ya alasiri, asikie injini kwa masikio yake. Ikilia vizuri, gari lake la mashindano litahamia kwangu. Ningekuwa fundi wa Amony, na hakuna ambaye angethubutu kuniletea tena habari za majora.

Ami alipopata habari za mgeni, akatangaza dua. Kwetu chombo kipya hakianzi kazi bila kusomewa, kiwe duka au cherehani. Sikukataa, nani anakataa baraka? Ila akasema wanaume watasoma ndani ya gereji na mimi, mwanamke, nikae uani na kina mama. Nilimweleza kwa adabu kwamba gari lile lina mikono yangu kila mahali, na ningependa kuwepo.

"Mwanangu," akasema, "dua haihitaji spana."

Wenzake wakacheka. Mama akanivuta mkono. Nikaenda uani kumenya vitunguu saumu vya pilau, huku wanaume wakiitikia amina juu ya injini niliyoifunga mimi.

Kabla ya kutoka nilikuwa nimefunika mdomo wa supachaja, pale hewa inapoingilia, kwa kitambaa safi na kukikaza kwa mpira. Niliporudi nilikikuta kimefungwa vilevile. Nikakitoa, nikaunga bomba la hewa. Amony akafika kwa boda, akamwamkia mama, akasimama karibu na boneti. Wazee nao wakabaki kutazama.

Injini iliwaka mara moja. Kwa pumzi mbili tatu ilinguruma kama nilivyoiota. Kisha ukatoka mlio wa chuma kinachosaga meno, mkanda ukafuka moshi, harufu ya mpira unaoungua ikajaa gereji.

"Zima. Zima hii gari," Amony akasema, nami nilikuwa nimeshazima.

Ami akamgeukia mgeni na kumwomba asinilaumu sana. Mtoto amejitahidi, akasema, ila vitu hivi vinataka watu waliozeeka navyo, amekimbilia makubwa. Alisema kwa huruma. Angenitukana ningevumilia, lakini huruma ile iliniwasha kama pilipili kwenye jeraha.

Amony akaanza kuvaa helmeti. Nikamwambia asubiri. Nikatoa mkanda, nikafungua bolti zikiwa bado za moto, nikaungua vidole, nikaiinua supachaja na kuipindua juu ya karai. Likadondoka ganda la tende, linanata, jeusi kwa moshi. Ikafuata kokwa, imepasuka vipande viwili. Nikamulika ndani kwa simu. Rota zilikuwa zimechubuka kama mfupa uliotafunwa na mbwa.

Nikamuuliza kaka yangu Zuhair, aliyekuwemo kwenye dua, naye akatazama vidole vyake vya miguu. Nilipomuuliza mara ya pili ndipo akaeleza. Kwetu kichanga kikizaliwa, mkubwa wa ukoo hutafuna tende na kukipaka kidogo kwenye kaakaa. Ami alisema gari nalo limezaliwa upya. Akafungua kitambaa, akaona mdomo, akaulisha. Wote wakasema amina. Kisha akamwagiza Zuhair akifunge kitambaa kama kilivyokuwa, nisije nikaanza maswali yangu. Na Zuhair, mwanaume mzima mwenye ndevu, akakifunga.

Ami hakukana. Alitabasamu. "Ni suna, mwanangu. Nia ilikuwa njema."

"Ami, hata kichanga hakipewi kokwa," nikamwambia. "Hiyo siyo suna, ni kumkaba mtoto."

Amony akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuumiza ami, si maneno yangu. Nikawaambia wote watoke kwenye gereji yangu, nikasimama mlangoni mpaka wa mwisho alipotoka. Wa mwisho alikuwa ami mwenyewe, akitafuta kandambili yake ya pili chini ya mkeka.

Amony aliokota kipande cha kokwa, akakigeuzageuza. "Nimeona," akasema. "Lakini siwezi endesha maelezo. Tafuta ingine. Ikilia mbele ya mashindano, gari yangu inakuja kwako. Isipolia, natafuta mtu."

Kesho yake nyumba ikageuka mahakama. Hakuna aliyezungumzia kokwa. Lililozungumzwa ni ulimi wangu. Walimu wenzake ami wamesikia, wazazi wa madrasa wamesikia, mwanamke mgeni amemcheka shehe mbele ya watu. Wengine wakauliza kwa nini sikuchungulia kabla ya kuwasha, kana kwamba fundi huacha tende kwenye mashine kwa kawaida.

Kisha mama akaniletea ujumbe. Ami yuko tayari kuninunulia supachaja nyingine, nzuri kuliko ile, na gereji iwe yangu moja kwa moja. Ninachotakiwa ni kuja Ijumaa mbele ya wazee walewale, nibusu mkono wake, niombe radhi, na niseme kwamba mashine iliharibika kwa sababu niliifunga vibaya. Tende isitajwe. Mama alilia aliponieleza. Zuhair akaongeza kwamba hayo ni maneno tu, na maneno hayaingii kwenye injini.

Nilifikiri, sikatai. Sina uwezo wa kununua nyingine, na mashindano yanakaribia. Lakini baraza ile ina wachuuzi, na wachuuzi hushuka Nakivubo kila siku. Nikisema niliifunga vibaya, neno litafika kwenye maduka ya vipuri kabla ya supachaja mpya kufika kwangu, na kutoka huko kwa kila mwenye gari la mbio mji huu. Nitakuwa na mashine nzuri na jina la fundi anayeharibu. Nani atamletea fundi huyo gari? Amony?

Alhamisi ami akaja mwenyewe gereji, kanzu imepigwa pasi, akasimama mlangoni bila kuingia. Mama alikuwa nyuma yake.

"Mimi ndiye badala ya baba yako, Salme. Omba radhi, mambo yaishe."

Nikafuta mikono kwa kitambaa.

"Ami, shikamoo yako utaipata kila asubuhi, na ukiugua nitakubeba mgongoni mpaka hospitali. Lakini niliifunga sawasawa, na wewe ndiye uliyeitia kokwa. Nitaisema hivyo Ijumaa, nitaisema hivyo Nakivubo. Siombi radhi."