Jiwe Nililolipita Mbio

Nianze na hili ili msije mkanionea huruma: mimi ndiye steringi. Yule wa kwenye mabango ya stesheni, mwenye upanga mkononi na kikapu cha moto mgongoni, ni mimi, Tokunaga Ryosuke, miaka thelathini na mitatu, meno meupe ya kulipiwa. Filamu inaitwa Ngome Tisa. Imetokana na gemu ya jina hilohilo, ambayo watu wa rika langu Japani nzima waliicheza mpaka vidole vikaota sugu. Wote isipokuwa mimi. Mimi sikuwahi hata kuishika.

Aliyeicheza ni mdogo wangu, Yuzuru.

Baba yetu alikuwa fundi wa mashine za kufuma hariri kule Kiryu. Februari moja alianguka kiwandani, moyo ukasimama, hakuamka tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Yuzuru kumi na miwili. Baada ya mazishi Yuzuru aliingia chumbani, akavuta mlango, ikawa ndiyo basi. Shule haendi, mezani haji. Siku ya arobaini na tisa, ndiyo arobaini yetu, ndugu wote wamefika, mtawa anasoma, mtoto wa marehemu haonekani. Nikaenda kumtoa. Mlango wetu ni wa karatasi, wa kusukuma, na siku hiyo ulikuwa wazi upana wa kidole kimoja. Nikachungulia.

Kwenye runinga alikuwemo Kagari, yule mpiganaji wa kwenye gemu, amepiga magoti mbele ya kaburi la mzee aliyemlea. Na Yuzuru naye amepiga magoti juu ya mkeka, viganja ameviunganisha, analia bila sauti.

Nilielewa. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, nilielewa palepale. Lakini nilikuwa na hasira na baba kwa kuniachia wageni na mama na shati la kukaba shingo, basi nikaingia nikachomoa waya ukutani. Nikamwambia majivu ya baba yapo sebuleni na yeye amekaa analilia katuni. Kila alichokuwa amefikia kwenye gemu kilifutika. Tangu siku hiyo mlango ule ukawa unafungwa mpaka mwisho.

Miaka kumi na sita imepita, bado yumo chumba kile. Anatengeneza mashine za gemu za zamani, watu wanamtumia kwa posta, na anatoka alfajiri tu, kwenda dukani kabla majirani hawajaamka. Mimi nikaenda Tokyo, nikawa mtu. Ndivyo wanavyosema kwetu, Ryosuke amekuwa mtu.

Nilipopewa nafasi ya Kagari, wapenzi wa gemu walinuna. Waliandika mtandaoni kwamba nimechukuliwa kwa ajili ya sura, kwamba huyu hata rimoti ya gemu hajui inashikwa upande gani. Kweli tupu, ndiyo maana iliniuma. Meneja wangu, Bi Hatano, mama mmoja mkavu anayetafuna tangawizi kutwa nzima, akanishauri nikiulizwa niseme niliicheza kidogo utotoni, basi, nisitie chumvi.

Mimi na kidogo wapi na wapi. Kwenye kipindi cha asubuhi mtangazaji aliniuliza kwa upole tu, nami mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema baba alipofariki nilijifungia chumbani. Nikasema kabla ya ngome ya tisa kuna kaburi la yule mzee, na kila mchezaji hupiga magoti pale ingawa hapati chochote, na kwamba mimi nilipiga magoti pale kila siku kwa sababu kaburi la baba yangu sikuweza kulikabili. Nikanyamaza kidogo, kama tunavyofundishwa. Mtangazaji akatoa leso. Nami machozi yakanitoka, tena ya kweli, ila sijui nilikuwa namlilia nani.

Waya sikuutaja.

Ee bwana wee, nchi ililainika. Walionitukana jana wakaniomba radhi leo. Barua zikamiminika, watu wananisimulia misiba yao, tiketi za siku ya kwanza zikaisha kwa dakika nne. Bi Hatano hakuniuliza kitu. Alinitazama, akahamishia tangawizi yake shavu la pili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yangu ilikuwa Kiryu, chumbani, na runinga inayo.

Jioni mama alinipigia simu. Yuzuru ameangalia kile kipindi. Nikauliza amesemaje. Mama akasema hakutamka neno, ila ameomba tiketi. Hapo mama mwenyewe sauti ikamkatika, maana mwanawe hajapanda treni tangu baba afe.

"Umemtoa, mwanangu," aliniambia. "Sote tumeshindwa. Umemtoa wewe."

Ningekuwa mtu kweli ningemweleza palepale. Nilisema nitatuma tiketi. Nikampa Yuzuru kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, ili akizidiwa atoke, na nikajiapiza kwamba shughuli ikiisha nitamwita chumba cha kubadilishia nguo nimwombe radhi kwa yote mawili, la waya na la runinga. Niliona ndiyo nafasi yangu ya pekee. Mtu aliyejifungia miaka kumi na sita, ukimwumiza siku aliyotoka, hatoki tena.

Siku yenyewe ikafika. Salamu za waigizaji jukwaani zilikuwa Shinjuku, hukohuko Tokyo, saa sita mchana, onyesho la kwanza lilipokwisha. Nyuma ya pazia mshereheshaji wetu Munakata, mchekeshaji mnene wa Osaka, akaniambia kuna kajambo wameongeza. Wameleta gemu yenyewe, ile ya zamani, itaonekana kwenye skrini kubwa. Nicheze dakika tatu tu, njia ya kuelekea ngome ya tisa, nikifika kaburini nipige magoti kama nilivyosimulia. Watu watalia, alisema, akanipigapiga mgongo. Nilimtazama Bi Hatano. Bi Hatano alitazama viatu vyake.

Kitufe cha kukimbia nilionyeshwa, na cha kuruka. Kaburi nilidhani nitaliona tu, mtu atakosaje kuona kaburi? Kwenye filamu walitutengenezea jiwe kubwa kama jokofu, juu ya kilima, theluji inaanguka, nikapiga magoti pale siku mbili mpaka viungo vikakakamaa. Basi nikamkimbiza Kagari natafuta kilima. Nikaruka daraja. Nikapita mianzi, nikapita kijiwe fulani kando ya njia, kimezama kwenye nyasi, saizi ya mkate. Nikafika kwenye lango la ngome nikakwama. Nikamgeukia Munakata, tabasamu mpaka masikioni, nikamuuliza hicho kilima kiko wapi.

Kile kijiwe ndicho kilichokuwa kaburi.

Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea. Watu mia saba walinyamaza, kila mmoja akitazama mahali pengine, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi. Mstari wa mbele alikaa dada aliyevaa kama Kagari, kikapu cha moto amekitengeneza mwenyewe kwa karatasi nyekundu. Aliinamisha kichwa akaanza kuikunja tiketi yake, mara mbili, mara nne. Kisha wakapiga makofi madogo ya adabu. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na mavazi yangu ya kifahari.

Munakata anajua kazi yake. Alicheka, akasema steringi wetu ana woga wa jukwaa, jamani, nani atakuja kumsaidia? Mikono yote ilibaki mapajani. Halafu kule nyuma, karibu na mlango, ukanyanyuka mmoja, nusunusu, ukaishia usawa wa sikio.

Alishuka ngazi polepole akishikilia viti. Alikuwa amevaa koti la baba, la kahawia, limempwaya mabegani. Uso umempauka kwa kukosa jua. Sikuwa nimemwona mchana tangu akiwa mtoto, na nilishtuka kuona ana mvi mbili tatu, mdogo wangu mimi. Alichukua rimoti mkononi mwangu na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, lakini ilipokaa vizuri kiganjani vikatulia.

Akamrudisha Kagari nyuma, kupita mianzi, mpaka kwenye kijiwe. Akampigisha magoti. Akasubiri. Gemu haikupi kitu pale, si silaha wala pointi. Ukisubiri vya kutosha upepo unatulia kwenye nyasi, basi. Tulisubiri wote. Upepo ukatulia, na nikamsikia yule dada wa mbele akivuta kamasi.

Munakata akamsogezea kipaza sauti, akamuuliza ameicheza kwa muda gani. Muda mrefu, Yuzuru akajibu, sauti inakwaruza kwa kutotumika. Na kile kisa cha steringi kwenye runinga, alikisikia?

Hapo nikasema leo nimekwisha. Neno moja tu lingetosha, na haki alikuwa nayo yote. Niseme kweli, kuna sehemu yangu ilikuwa inamwomba alitamke anipunguzie mzigo.

"Nilikisikia," alisema Yuzuru. "Miaka yote nilidhani yule mtoto hakuna aliyemwona. Nimefurahi kujua kuna mtu alimwona."

Ukumbi ukapiga makofi, wakadhani anasema kwa niaba ya wote waliowahi kujifungia. Yeye akanigeukia mimi. Nilitafuta hasira usoni mwake sikuiona. Alikuwa amesafiri saa mbili kwenye treni iliyojaa watu ili anifungulie mlango, na sasa alisimama ananisubiri niingie.

Kipaza sauti nilikuwa nacho. Maneno yalikuwa manne: huyu ni mdogo wangu. Mengine yangefuata yenyewe, hata waya. Lakini niliwaona watayarishaji wamepanga mstari pembeni ya jukwaa, nikamwona na yule dada, tiketi yake ameshaanza kuikunjua, ananitazama tena kwa imani. Nikakishusha kipaza sauti. Munakata naye, bila ubaya, akanitilia mkononi bango la filamu na kalamu nene, nimsainie shabiki wetu shujaa, na nisisahau kuandika jina lake.

Nikainama juu ya bango. Mimi, niliyefundishwa na baba kumbeba mtoto huyu mgongoni mto ulipojaa, nikamuuliza mbele za watu:

"Samahani, jina lako nani?"

Aliitazama kalamu, kisha akanitazama mimi.

"Yuzuru," alisema. "Andika Yuzuru tu, inatosha."

Nikaandika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, ndiyo kazi inayonilisha. Alilipokea bango kwa mikono miwili, akainama chini kabisa kama shabiki anavyomwinamia staa, nami nikamwinamia. Nilipomtuma Bi Hatano amlete kwangu, alirudi peke yake. Kiti kilikuwa kitupu.

Niliacha mahojiano yote, nikapanda treni na vipodozi vyangu usoni, abiria wananipiga picha kwa chati. Njia nzima nilipanga maneno. Mama alinifungulia mlango anang'aa. Yuzuru amefika salama, aliniambia, amekula mabakuli mawili ya wali, tena mezani, sasa yuko chumbani na mashine zake. Nikataka kwenda moja kwa moja. Mama akanizuia: nikamsalimie baba kwanza, nimesahau desturi ya nyumbani?

Madhabahu ya baba iko kona ya sebule. Picha yake, kengele, machungwa mawili, kikombe cha chai. Kitu chochote cha thamani kikiingia nyumba ile lazima aonyeshwe yeye kwanza, iwe cheti cha shule au mchele mpya. Na mbele ya picha, limekunjuliwa na kuegemezwa vizuri lisianguke, lilikuwepo bango langu. Yuzuru mwenyewe ndiye aliyeliweka, mama alisema, amewasha na ubani, akamwambia baba kwamba hiyo ni sahihi ya kaka.

Nikapiga magoti. Sikuhitaji kusoma. Niliyajua maandishi, ninayaandika mara mia kwa siku: Kwa Bwana Yuzuru, asante kwa kunishabikia. Baba alikuwa ananitazama juu yake, na kengele sikuweza kuigonga.

Mama akaja akapiga magoti kando yangu. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akarudia tena tangu mwanzo.

"Ryosuke," aliniuliza, "mbona umemwandikia mdogo wako kama mtu usiyemjua?"

Mwisho wa korido mlango wa Yuzuru ulikuwa wazi upana wa kidole kimoja. Sauti ya bisibisi ilikuwa imekoma, naye alikuwa anasubiri nijibu.