Avenyu Isiyo na Pikipiki

Rodrigue alipofika Mugunga, pembeni mwa Goma, shati jeupe, pasi mpaka kwenye mikono, Mama Annonciata alianza kwa kumtazama viatu. Havikuwa na vumbi. Mtu anayetoka Himbi kule ziwani mpaka huku bila vumbi la lava ameletwa na gari, na mtu anayeletwa na gari ana jambo lake. Hivyo ndivyo mama yule alivyowapima wageni tangu wamchague kuwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao, na msidhani walimchagua kwa upole.

"Mama shefu, niko na habari njema," Rodrigue akasema, akavuta kiti akakaa kabla hajakaribishwa.

Annonciata akajua hapo hapo kwamba ni habari mbaya.

Rodrigue alikuwa anafanya kazi katika biro moja, ofisi ya kutafuta wawekezaji. Akaeleza, mikono ikiruka hewani. Kuna kampuni ya ng'ambo inayotengeneza pikipiki na bajaji. Inazunguka miji inatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuziunganishia. Vita vimetulia, waasi wameshuka milimani wakaweka silaha chini, barabara ya Sake inapitika, na ule uwanja uliokuwa kambi ya wakimbizi uko wazi. Wageni watakuja Alhamisi kutembea katika avenyu hizi, waone watu wanaishi vipi na wanasafiri kwa chombo gani.

"Wanataka kujua muko na pikipiki ngapi, nani anazitengeneza, nani anajua injini," akasema. "Muwaonyeshe kila kitu, mama. Kila kitu!"

Maskini Rodrigue! Hata angekaa mwaka mzima akitafuta maneno ya kumtisha mama yule, asingepata mabaya kuliko hayo.

Maana Annonciata ametoka milima ya Masisi, na kule alikwisha kuyasikia. Wenye bunduki walifika sokoni mchana kweupe, wanacheka, wanagawa sigara, wanauliza: hapa kuna pikipiki ngapi? Nani anazitengeneza? Mume wake Donat, mtu wa kujisifu kidogo, popote alipo Mungu amlinde, akainua mkono. Kesho yake wakarudi, wakachukua pikipiki zote na Donat pamoja nazo, kwa sababu pikipiki bila fundi ni chuma tu. Hakuonekana tena. Annonciata akashuka mlima na watoto, kambi hii, kambi ile, kipindupindu huku, risasi kule, mpaka akabaki na mmoja tu, Joyeuse.

Na huyo Joyeuse alikuwa fundi. Alisomea injini shuleni, msichana peke yake darasani, na sasa alikuwa na garaji uani chini ya turubai, pikipiki za avenyu nzima zinapita mikononi mwake. Lakini kazi ya uani haikumtosha. Rafiki yake Vanessa alishaenda Kampala, na kila akipiga simu ni maneno yale yale, njoo, unangoja nini huko kwenye mawe? Joyeuse alimwambia mama yake waziwazi kwamba akipata kazi ya kweli hapa Goma hatoki, na akikosa ataondoka. Annonciata hakuwa na ombi lingine kwa Mungu ila hilo, mtoto huyu asiondoke.

Basi si angefurahi, mtasema? Kiwanda kinakuja mlangoni, mtoto anapata kazi karibu na sufuria ya mama yake, unataka nini zaidi? Nendeni mkamwambie hivyo mtu aliyenyang'anywa mume kwa swali la pikipiki ngapi.

"Kiwanda!" alimwambia Joyeuse, Rodrigue alipoondoka. "Nani atajenga kiwanda juu ya mawe ya volkano, na umeme wenyewe unakuja ukipenda? Bale batu banatafuta kitu ingine. Leo banahesabu, kesho banabeba."

"Mama, vita imeisha."

"Imeisha mara ngapi?"

Joyeuse akavuta pumzi. "Hawa ni watu wa kampuni. Nimewatafuta kwenye simu, viwanda vyao viko kweli."

"Na bale ba Masisi, sigara zao zilikuwa za kweli."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Annonciata akafanya jambo ambalo mama hamfanyii mtoto. Akapiga magoti mbele ya Joyeuse, pale kwenye changarawe nyeusi, akamshika miguu.

"Mutoto wangu, niko nakuomba. Siku moja tu. Basikuone na spana."

Sasa mama yako akikupigia magoti utafanya nini? Utaendelea kubishana naye akiwa chini? Joyeuse alimwinua haraka, akaangalia kama majirani wameona, akasema sawa. Alisema kwa hasira, lakini alisema.

Annonciata akawaita watu wa avenyu. Hakuhitaji maneno mengi. Waliopoteza kitu vitani walielewa mara moja, na wengine walikuwa na sababu yao: miaka yote ya kambini, mgeni akija kuangalia, aliyeonekana na godoro alirukwa kwenye msaada na asiye nalo akaandikwa. Watu wa Mugunga wameijua kazi hiyo vizuri sana. Wanajua shati gani la kuvaa siku ya mgeni.

Kambere peke yake alipiga kelele, Munande wa Butembo, mwenye duka la vipuri pale kwenye kona.

"Mama shefu, mimi ni mucuruzaji, nakula kwa kuuza! Watu wa pikipiki bakuje, mimi nifiche vipuri? Umeona wapi?"

"Papa Kambere, ile siku ya barabara ya Kiwanja, majambazi walikuachia nini?"

Kambere akakuna kichwa. "Suruali."

"Basi ficha."

Akaficha. Weee, Jumatano ile ungeona maajabu! Kambere alimwaga magunia ya maharagwe juu ya minyororo na breki, akajifanya muuza chakula, na mke wake akimcheka wazi. Pikipiki ya katekista iliingizwa kanisani, nyuma ya altare. Nyingine zililazwa chini ya vitanda, nyingine zikafunikwa na majani ya mahindi. Mzee mmoja alificha hata chukudu yake, ile ya mbao ya kusukumia mizigo, na alipoulizwa nani ataiba mbao akajibu kwamba mwizi hachagui. Turubai la garaji likashushwa. Joyeuse alivalishwa kitenge cha mama yake, akafungwa mgongoni mtoto wa jirani, akapewa kisu na beseni la viazi.

Wageni wakafika Alhamisi. Mkubwa wao alikuwa Mhindi mmoja mtu mzima, mrefu, mwenye mvi na miwani, na Rodrigue akimtafsiria. Alitembea polepole. Aliuliza viazi vinafikaje sokoni.

"Kwa mugongo," Annonciata akajibu.

Mgonjwa je, anafikaje hospitali?

"Kwa mugongo."

Rodrigue alimtolea macho. Jasho lilikuwa limeanza kulowesha lile shati. "Mama shefu, juzi mimi mwenyewe nimeona pikipiki hapa!"

"Labda ilikuwa ya avenyu ingine," akasema Annonciata, na watu nyuma yake wakaitikia eeh, eeh, ingine, kama kanisani.

Mgeni akafika uani kwa Annonciata. Chini, mahali pa garaji, changarawe ilikuwa imelowa oili ya miaka, inang'aa. Aliitazama. Akamtazama Joyeuse, aliyeinamia viazi bila kumenya hata kimoja. Mtoto mgongoni alikuwa analia na Joyeuse hajui kumbembeleza, anampiga piga kama anayepangusa tanki. Mgeni akasubiri kidogo. Akakutanisha viganja kifuani, akashukuru, akaondoka.

Annonciata alikaa chini. Walikuwa wamekuja na wamekwenda, na mtoto wake yupo. Siku hiyo alipika maharagwe na mafuta mengi, akaimba. Joyeuse hakula.

Jumamosi Rodrigue akaja tena, safari hii kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Hakukaa. Alisema wageni wamekata shauri, kiwanda hakitajengwa Goma, na wao watapanda ndege Jumatatu.

"Kwa hiyo kilikuwa kiwanda kweli?" Annonciata akauliza, sauti ndogo.

"Mama, nilikuambia nini?" Rodrigue alikuwa karibu kulia. "Niliwaandikia hawa watu tangu vita haijaisha. Nikawabembeleza. Na munawaambia munabeba wagonjwa kwa mugongo!"

Joyeuse aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake, kimya, moja moja. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Annonciata alisimama mlangoni akiiangalia ile mikono. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha ikaja hofu. Akachukua kitambaa akajifunga kichwani.

"Vaa viatu," akasema. "Tunaenda Himbi. Nitasema ukweli wote, bataelewa."

"Sema wewe," Joyeuse akamjibu. "Mimi nilinyamaza juu yako, sababu uliniomba, na leo nitanyamaza. Utasema wewe."

Wakapanda pikipiki ya katekista, wote wawili nyuma yake, mchana kweupe. Huko Himbi, katika biro yenye madirisha yanayotazama ziwa, yule mzee aliwapokea bila mshangao. Rodrigue, aliyekwisha kurudi, akakaa katikati kutafsiri. Annonciata alisema yote, ila la Joyeuse tu. Alisema maharagwe ya Kambere, akasema altare, akasema Donat na mkono wake ulioinuka sokoni. Alipofika kwa Donat, Rodrigue alitafsiri akiangalia chini.

"Niliona oili," mgeni akasema. "Na harufu ya grisi niliisikia chini ya maharagwe. Mimi ni mtu wa injini tangu ujana."

"Kama uliona, juu ya nini haukuuliza?"

"Nilitaka nione kama kuna mtu ataniambia mwenyewe."

Annonciata akacheka kwa uchungu. "Kumbe na wewe ulikuwa unatuvizia! Sisi tulificha pikipiki, wewe ulificha macho yako. Tunapishana wapi?"

Rodrigue akasita.

"Mutafsirie! Neno kwa neno!"

Akatafsiri. Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Hatupishani," akasema. "Mama ana haki. Ilinipasa kuuliza. Lakini wenzangu walitaka jina la mtu wa kumwachia funguo za kiwanda, na kwa siku zote nilizotembea hapa sikupata. Hati imeshatiwa sahihi. Tunajenga kule pwani, kwenye mji wa bandari. Haiwezi kurudi nyuma."

Nje boti ilikuwa inapiga honi. Annonciata alijua wamemaliza, akaanza kuinuka.

"Kule tunachukua mafundi vijana kutoka nchi hizi zote," mgeni akaendelea. "Tunawafunza, tunawapa nyumba, tunawaandika kazi kwa miaka. Kutoka hapa sijapata hata mmoja." Akamgeukia Joyeuse. "Huyu si ndiye aliyekuwa anamenya viazi? Yeye anafanya kazi gani?"

Swali lilielekezwa kwa Joyeuse, lakini Joyeuse alikuwa amesema atanyamaza, na alinyamaza. Aliangalia sakafu. Annonciata akaelewa anaulizwa yeye. Aseme ni mumenya viazi, na warudi wote Mugunga kabla ya jua kuzama. Vanessa atapiga simu, ndiyo, lakini simu inaweza kubembelezwa, na magoti bado anayo. Nani angemlaumu? Zaidi yao wawili, Rodrigue pekee ndiye aliyejua kazi ya Joyeuse, na Rodrigue alikuwa amechoka. Neno lile lilikuwa limeshafika mdomoni, lilikuwa tayari kabisa.

Alimchukia yule mzee kwa upole wake. Wale wa Masisi angalau hawakumwomba amtoe mtu wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ni mekanisiye," akasema.

Rodrigue akainua kichwa.

"Anajua injini kupita mafundi wote wa avenyu yetu," Annonciata akasema, na machozi yalikuwa yanashuka hadharani na hakuyafuta. "Ule mutoto hakuwa wake. Mimi ndiye nilimufunga ule mutoto. Huyu ni fundi, ni mutoto wa fundi. Mwambie hivyo."

Joyeuse alimshika mama yake mkono, akaubana mpaka ukauma. Mzee wa Kihindi aliuliza maneno mengine, Rodrigue akatafsiri, Joyeuse akaanza kujibu, kwanza polepole, halafu kwa haraka, mambo ya pistoni na ya gia, hata Rodrigue akawa anaomba arudie. Annonciata hakuelewa hata nusu. Alingoja mpaka wakapumzika, ndipo akamgusa Rodrigue begani.

"Muulize," akasema, "kule pwani, kuko baridi? Mutoto hana koti."